Saa ya ukutani kutoka Ujerumani haishiki mawimbi, ukitia betri mishale inakimbilia kwenye 12 na kusimama hapo hapo

binti_mtambwe
Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba mnisaidie na hii saa maana nshachoka nayo na roho inaniuma kwa ajili ya mama. Kaka yangu yuko Ujerumani, mwezi uliopita kaja mtu wa huko akatuletea mzigo wake, ndani mna saa ya ukutani nzuri sana, nyeupe, namba kubwa nyeusi, kaka kaichagua makusudi kwa sababu mama macho yake hayaoni vizuri tena na saa yetu ya zamani ina namba za kirumi anazipapasa tu kwa mazoea. Kaka kasema hii saa haitaki kurekebishwa, inajiweka wenyewe kwa redio, nyinyi tieni betri tu muitundike.

Tukatia betri. Mishale ikaanza kukimbia mbio mbio peke yake, ikazunguka mpaka ikafika juu kwenye 12 ikasimama. Mama kakaa chini anaitazama. Tumengoja kama robo saa, ikaanza kutembea kutoka pale pale kwenye 12 kama vile ndo adhuhuri, na sie tushasali isha zamani. Tumetoa betri, tumetia nyengine mpya, vile vile. Nimeiweka dirishani, nimeiweka barazani, usiku mmoja nimeilaza nje juu ya kiti chini ya mwembe, asubuhi naiendea iko kwenye masaa yake. Nyumba yetu imeezekwa bati, mtu mmoja kanambia bati ndo linazuia.

Kinachoniumiza mama kanita pembeni kanambia "hii saa mbovu lakini usimwambie mwenzio, katumia pesa zake". Nyuma ina kidude cheusi cha betri moja, kimeandikwa DCF, na ina vitufe viwili vidogo. Tuko Wete, Pemba. Kuna mtu alowahi kupata saa kama hii ikafanya kazi huku?

Yakhe_wa_Kikwajuni
Waalaykum salaam dada. Mie nnayo ya mkononi, Casio ile inayosema inashika vituo sita vya dunia. Nimeitafutia mawimbi wiki nzima. Kwanza nikajua ni kuta za nyumba za huku, mawe na chokaa upana wa mkono mzima, nikapanda nayo juu ya paa, ghorofa ya tatu, hewa tupu bahari unaiona, nikaiacha mpaka alfajiri. Asubuhi imeniandikia ERR, yaani imeshindwa kushika. Sijawahi kuiona inashika hata siku moja tangu niko nayo Unguja.

kijana_fuoni
Dada hilo tatizo ni makelele ya umeme ndani ya nyumba, nimeshasoma sana habari hizi. Taa za LED zile za bei rahisi, chaja za simu zisizo na jina, tivii, friji, inveta ya sola, vyote hivo vinatoa mawimbi machafu yanaiziba ile saa haisikii. Na bati kweli linazuia na nondo za zege pia. Usiku mkilala zima meni switchi kabisa, iweke saa mbali na ukuta, igeuze mgongo wake uelekee kaskazini maana Ujerumani iko huko, iache mpaka asubuhi usiiguse. Ukiigusa guse ndo inaanza upya kila mara.

binti_mtambwe
Ahsanta kaka. Lakini siku ile nilipoilaza chini ya mwembe umeme wenyewe ulikuwa umekatika mtaa mzima, hapakuwa na taa wala friji. Na haikushika.

fundi_redio_chake
Dada binti_mtambwe saa yako si mbovu. Mwambie mama leo hii kabla hujalala, mwanawe hakununua saa mbovu. Na nyumba yenu haina kosa, wala bati.

Mie natengeneza redio na vitu vya elektroniki hapa Chake miaka mingi, saa hizi nnaletewa kila mara hasa watu wakishapokea mizigo ya Ulaya, na wengi washazitupa kabla hawajaniuliza, inanisikitisha sana. Sikilizeni ilivyo. Hiyo DCF ni DCF77, ni kituo cha kurusha saa kilichopo Mainflingen karibu na Frankfurt. Kinarusha kwa kilohezi 77.5, mawimbi marefu sana, wimbi moja tu urefu wake karibu kilomita 4, yaani kama utoke Darajani ukaribie Mwanakwerekwe ndo wimbi moja. Nguvu yake kilowati 50 na masafa yake wanayoyahesabu wenyewe ni kama kilomita 2,000. Sasa kutoka pale mpaka Pemba ni karibu kilomita 7,000. Mawimbi yanakuja yakichoka yakichoka, yakifika huku yamezama chini ya makelele ya radi za Afrika na ya kila kitu, kile kijiredio kidogo cha nyuma ya saa hakiwezi kuyatoa humo.

Saa ya Kikwajuni hali ni hiyo hiyo. Vituo sita vyake ni huyo Mjerumani, Muingereza aliyeko Anthorn kilohezi 60, Mmarekani Fort Collins Colorado nae 60, Wajapani wana viwili 40 na 60, na Mchina Shangqiu 68.5. Angalia ramani yakhe, hakuna hata kimoja kilichotukaribia. Huku kwetu Afrika Mashariki hakuna kituo cha namna hii, kwa hiyo hata ukipanda juu ya mnara wa msikiti hakuna cha kushika.

Aloyasema kijana wa Fuoni ni kweli kabisa, lakini ni kweli kwa mtu aliyeko Ulaya. Huko mawimbi yapo ndo unahangaika na chaja na tivii yasizibwe.

kijana_fuoni
Nimekufahamu fundi, nshukuru kwa kunisahihisha. Ila hapa pananitatiza. Marehemu babu yangu alikuwa kila jioni anasikiliza idhaa ya Kiswahili ya Ujerumani, redio ya mkulima ile ya betri kubwa, sauti inakuja. Vipi sauti ya Ujerumani ifike Fuoni halafu saa yao isifike?

fundi_redio_chake
Swali zuri sana hilo. Kwanza wakati wa babu ilikuwa masafa mafupi, yaani shortwave, na mawimbi yake yanapiga kule juu angani yanarudi chini yanapiga tena, yanaruka hivo hivo mpaka yanavuka bahari. Mawimbi marefu ya saa tegemeo lake ni kutambaa na ardhi, na kila yakitambaa yanapungua. La pili, si lazima babu alikuwa anapata kutoka Ujerumani kwenyewe, Deutsche Welle walikuwa na mitambo yao Kigali ikirusha masafa mafupi mpaka 2015 walipoifunga. Na siku hizi unawasikia kwenye FM za hapa hapa. Saa haina mtu wa Kigali wa kuipokea na kuirusha tena.

nahodha_mstaafu
Mmenikumbusha mbali. Sie melini saa tukiipata kwa masafa mafupi, unafungua redio usiku unatafuta vile vituo vya saa, tik tik tik kila sekunde, unaisawazisha kronomita yako, ile saa ya meli ya kupimia safari, kwa sikio. Ukiwa bahari ya Hindi wa China na wa Urusi unawapata vizuri usiku ukitulia. Kosa la sekunde 4 kwenye saa linakuweka maili moja pasipo pako ukiwa huku kwenye mstari wa Ikweta, kwa hiyo tulikuwa hatufanyi mchezo. Lakini ilikuwa sikio la mtu na mkono wa mtu, saa haikujiweka.

MzanzibariBremen
Niko Ujerumani mwaka wa tisa na nimesoma hapa nimeingiwa na huzuni kwa sababu saa kama hizi nimepeleka nyumbani tatu, moja kwa shangazi, mbili kwa majirani, na hakuna aloniambia kama hazifanyi kazi. Nadhani wamenistahi kama mama yako dada.

Huku tumezizoea, ukitia betri dakika kama tano hivi mishale inakimbia na kusimama penyewe, Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba saa zinaposogezwa inajisogeza wenyewe usiku umelala. Kitu chengine cha kujua, nilivyokwenda na moja mkobani bila kuitoa betri, nimefika Mjini inatembea vizuri lakini iko nyuma masaa mawili maana ilikuwa Disemba. Wakati wa kiangazi cha huku tofauti ni saa moja. Sikuweza kuibadilisha nikaiacha hivo hivo, kila mtu ndani ya nyumba anajumlisha mawili. Fundi kama kuna njia tafadhali ieleze, ntampigia shangazi leo leo.

fundi_redio_chake
Njia zipo. Ya kwanza ni kuiweka kwa mkono. Geuza nyuma, kitufe kimoja huwa kimeandikwa M.SET au SET tu. Tia betri, iache mishale ifike kwenye 12 isimame, usiisumbue. Halafu bonyeza M.SET uking'ang'anie kama sekunde tatu nne, mishale itaanza kutembea mbele. Ukishikilia inakwenda mbio, ukibonyeza kidogo kidogo inakwenda dakika moja moja. Hairudi nyuma, kwa hiyo ukiipita itabidi uzungushe tena masaa kumi na mawili. Ikifika penyewe iache. Baada ya hapo ni saa ya kawaida, ndani ina kwatzi, kile kijiwe cha kuhesabu sekunde, kama saa zote, itakosea sekunde 15 au 20 kwa mwezi si zaidi sana.

Ubaya wake, kila betri ikitolewa kazi inaanza upya, na kuna mashine nyengine kila usiku zinaendelea kutafuta kituo kwa hiyo betri inakwisha mapema.

Yakhe_wa_Kikwajuni
Si bora ang'oe ile mashine nzima ya nyuma atie ya kawaida? Kwa mafundi saa Darajani zipo, bei ndogo tu.

fundi_redio_chake
Inawezekana lakini ningeiacha iwe ya mwisho. Mishale ya saa hizi mara nyingi haikai kwenye ekseli ya mashine ya kawaida, itabidi ubadilishe na mishale, na ekseli ikiwa fupi haitoki kwenye uso wa saa. Na ile saa kaichagua kaka mtu kwa mishale yake na namba zake.

binti_mtambwe
Fundi Mungu akuweke. Nimefanya M.SET, imekubali. Mama nimemwambia, kanyamaza kidogo halafu kasema "kumbe maskini ilikuwa inamtafuta mwenyewe". Sasa nna swali jengine na naona haya kuuliza. Saa zetu za ndani tangu enzi za baba zimewekwa Kiswahili, saa moja asubuhi akrabu ndogo iko kwenye 1. Mama hajui kusoma nyengine. Nimeiweka hivo kwa mkono lakini nimeipita mara tatu, kile kitufe kidogo na vidole vyangu vinateleza, na bado naona imepishana na simu karibu dakika nzima. Mama mara nyingi anafunga Jumatatu na Alkhamisi, anataka iwe sawa sawa.

fundi_redio_chake
Usione haya, nusu ya nyumba za Pemba ziko hivo. Basi nakupa njia ya pili, hii ndo naipenda zaidi, nimeifanya hapa bandani kwangu mara nyingi na inafanya kazi.

Simu yako inaweza kuwa kile kituo cha Ujerumani. Ngoja nieleze kwanza kituo kinasemaje. Kila sekunde kinapunguza nguvu yake kwa muda mdogo, ikiwa fupi, moja ya kumi ya sekunde, hiyo ni sifuri, ikiwa ndefu, mbili ya kumi, hiyo ni moja. Sekunde ya mwisho ya dakika hakipunguzi kitu, hapo saa inajua dakika mpya inaanza. Zile sifuri na moja za dakika nzima ndo zinasema saa ngapi, dakika ngapi, tarehe ngapi. Ni hivo tu tangu 1973.

Sasa simu haiwezi kutoa kilohezi 77.5 lakini inaweza kutoa sauti nyembamba ya 15.5, na 15.5 mara tano ni 77.5. Umeme unaopita kwenye koili ya spika ukipigwa kwa nguvu unatoa na yale mawimbi ya mara tano, dhaifu, ya sentimita chache tu, lakini saa ukiilaza juu yake inayasikia kama iko Frankfurt. Nenda Play Store andika DCF77 utaona programu kadhaa za kuigiza kituo. Kwenye mipangilio nyingi zina sehemu ya kuongeza au kupunguza masaa. Simu iwe kwenye saa ya otomatiki ya mtandao. Saa hiyo ya mishale haijali mchana wala usiku kwa hiyo punguza masaa sita, saa tatu usiku ambayo simu inaita 9 itaituma kama 3, ndo saa ya mama yako.

Laza saa kifudifudi mezani, ile sehemu nyeusi juu, mara nyingi antena ni kijiti cheusi kimezungushiwa waya wa shaba upande mmoja wa ndani. Weka spika ya simu ya chini igusane na hapo. Sauti mpaka mwisho. Kama haishiki chukua iyafoni za waya, zungusha waya wake mara tano sita juu ya mashine halafu chomeka kwenye simu. Za bluetooth hazifai. Toa betri ya saa urudishe, usubiri dakika tatu mpaka kumi, usiitikise.

bi_shani_mkoani
Samahani naingilia, suala la kufunga. Dada asitegemee saa peke yake hata ikiwa sawa kwa sekunde. Jua la Wete linatangulia la Unguja mjini kwa kama dakika mbili kwa wastani, miezi mengine zaidi na mengine inakaribiana, kwa vile Wete iko mashariki zaidi. Mie nimeona watu Pemba wanaitia saa ya adhana mji wa Dar es Salaam kwa sababu Pemba haimo kwenye orodha, halafu wanashangaa kwanini inapishana na muadhini wa hapa. Saa iwe sawa, lakini ratiba ya kufuturu na ya alfajiri iwe ya pale ulipo.

fundi_redio_chake
Sahihi kabisa bi Shani. Na adhana ya kwenye king'amuzi au intaneti pia inachelewa sekunde kadhaa kuliko FM ya kawaida, kwa hiyo nayo si ya kusawazishia saa.

binti_mtambwe
Nimerudi ndugu zangu, nawaeleza kila kitu.

Jana baada ya isha nimeshusha programu, mara ya kwanza nimeweka simu juu ya saa, dakika kumi, hakuna. Nimehamisha upande wa pili wa kile kidude, hakuna. Nikatafuta iyafoni za zamani za waya kwenye droo, nikazizungusha mara saba kama fundi alivosema, nikatia betri. Mtoto wa dada yangu ana miaka sita alikuwa kakaa na sie, mara kaziba masikio anasema "mamdogo zima hicho kinalia!". Sie tunatazamana, mie nasikia kwa mbaaali kama mbu, mama hasikii kitu kabisa. Mtoto kakimbilia uwani.

Dakika ya nne hivi mishale ikatikisika. Halafu ikaondoka pale kwenye 12 ikakimbia ikakimbia ikapita 1 ikapita 2 ikaanza kupunguza mwendo, ikasimama kwenye saa tatu na dakika ishirini na moja. Nimeangalia simu, sekunde na sekunde. Mama kasimama kaishika kwa mikono miwili kaisogeza karibu na uso, kasoma mwenyewe bila ya miwani, "saa tatu na dakika ishirini na moja". Tukampigia kaka, mama ndo kazungumza nae, kamwambia saa yako nimeitundika mbele ya kitanda changu naiona nimelala.

MzanzibariBremen
Alhamdulillahi. Mie shangazi nimemuelekeza kwa video, mtoto wake kafanya kwa spika ya simu tu ikakubali dakika ya sita. Hawajumlishi tena.

kijana_fuoni
Fundi, rafiki yangu nnae hapa kaletewa ya Uingereza, imeandikwa MSF 60. Njia ni ile ile?

fundi_redio_chake
Ile ile, tafuta programu yenye MSF. Hapo simu inatoa 20 mara tatu ni 60. Simu nyengine spika zake zinashindwa kufika 20 vizuri, kwa hiyo anza na iyafoni za waya moja kwa moja. Na Yakhe wa Kikwajuni Casio yako pia, ichague mji wa Ulaya au Japani kwa muda, ishike, halafu irudishe mji wako, masaa yatajipanga.

Yakhe_wa_Kikwajuni
Nimefanya kwa Japani, nimeizungushia waya. Badala ya ERR imeandika GET, yaani imeshika. Nimekaa nayo nimeitazama muda mrefu.

binti_mtambwe
Mwezi umetimia leo. Nimelinganisha na simu, imetangulia sekunde 9. Mama kasema iache, lakini nitaizungushia waya Jumapili mtoto akiwa chuoni.